Matofali Yanakula Kwanza

Hewa ilikuwa imekwisha kuiva tangu siku ya kwanza; tofali lilikuwa bado linafikiri. Ndivyo Charlène alivyomweleza mama yake, na mama yake, Annonciata, mwokaji mikate katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alimtazama kama mtu anavyomtazama fundi aliyemletea gauni la mkono mmoja.

"Siku tisa," Annonciata alisema kwa Kiswahili chao cha Bukavu. "Siku tisa kompyuta inapika tanuri moja, na hata moshi haina."

"Mama, hewa njo inaenda mbio. Tofali inaenda polepole."

"Na we unaenda na nani?"

"Na tofali."

"Njo maana hujaolewa."

Télesphore, baba wa nyumba, alikuwa mlangoni akishona suruali ya mchungaji. Aliinamisha kichwa zaidi kwenye cherehani. Ndoa yake ilikuwa na miaka ishirini na sita kwa sababu alijua saa za kuinamisha kichwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Shirika moja la Lilongwe, lenye gari jeupe na kofia za bure, lilitaka kujenga tanuri kubwa pale kambini. Wanawake sita wangeoka humo kwa pamoja, na mkuu wao angekuwa Annonciata. Ili kupunguza matofali, mgongo wa tanuri ungekuwa ukuta uleule wa chekechea: upande huu moto, upande ule watoto wadogo wamekaa chini kwenye mkeka, migongo ukutani, wakiimba a-e-i-o-u. Swali likabaki moja tu. Tanuri likiwaka kutwa nzima, ukuta wa upande wa watoto utakuwa na joto kiasi gani?

Mtaalamu wa mjini alitaja bei ya kujibu swali hilo, na shirika likasikia kizunguzungu. Ndipo wakamkumbuka Charlène. Msichana huyo wa miaka ishirini na tatu alikuwa amesoma miaka miwili kwa mtandao katika chumba cha kompyuta cha kambi, na programu ya kupiga hesabu za joto aliipata bure. Naye alipatikana bure. Tena kwenye karatasi wangeandika "hesabu imefanywa na wakimbizi wenyewe", maneno ambayo wafadhili huyapenda kuliko mkate wenyewe.

Kazi ya kompyuta haikuwa uchawi. Charlène alichora tanuri, akalikata vipande vidogovidogo kama mtu anayekata sabuni ya mche, vingine vya hewa, vingine vya tofali. Kisha kompyuta inazunguka. Kila mzunguko, kila kipande kinamuuliza jirani yake: una joto gani? Kinajirekebisha kidogo, halafu mzunguko mwingine, mpaka siku ambayo hakuna kipande kinachobadilika tena. Siku hiyo ndiyo hesabu imeiva.

Vipande vya hewa ni wambea. Habari inafika mwisho wa mtaa kabla hujamaliza kuisema. Vipande vya tofali ni wazee wa kanisa. Wanapokea joto, wanakaa nalo, wanashauriana, wanampa jirani kijiko kimoja. Siku ya kwanza jioni, mistari kwenye kioo cha kompyuta, ile inayoonyesha mabadiliko ya kila mzunguko, ilishuka ikalala chali. Programu ikasema: nimetosheka. Na ukuta wa watoto ulisoma nyuzi arobaini na moja.

Charlène, kwa furaha ya mwanzo, alipiga picha ya kile kioo na kumtumia bwana Fabien, mratibu wa mradi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya akicheka.

Asubuhi ya pili aliifungua tena. Mistari imelala vilevile. Lakini ukuta ulisoma arobaini na sita. Siku iliyofuata arobaini na tisa. Kila mzunguko ulibadilisha joto kidogo sana, kidogo hata programu ikaona aibu kulihesabu. Lakini mizunguko ilikuwa maelfu, na kidogo mara elfu si kidogo tena. Tofali lilikuwa bado linapanda ngazi, kwa magoti.

Kompyuta za kambi zilikula umeme wa jua, zikiwashwa saa mbili na kuzimwa saa kumi. Siku ya tisa ukuta ulisoma hamsini na tisa. Na Fabien alitaka sahihi ya Charlène chini ya arobaini na moja.

*

Alikuja Alhamisi kwa gari jeupe. Fabien alikuwa Mrundi, na alikuwa ameishi Dzaleka miaka kumi na mmoja, nyumba ya nne kutoka kwa Annonciata. Alikuwa amekula mikate yake mingi, na mingine kwa ahadi. Kisha akapata kazi Lilongwe, akahamia mjini, na Kiswahili chake kikaanza kuvaa tai.

"Mama Charlène, shikamoo. Sikai sana."

Télesphore alimsogezea kiti. Fabien alitoa leso mfukoni, akapangusa kiti mara mbili, akaitazama leso, akaamua kusimama. Télesphore alikitazama kiti chake. Asubuhi ile alikuwa amekipangusa yeye mwenyewe, kwa fulana.

Wakaenda wote mpaka chekechea. Fabien alitoa chaki akachora kwenye ukuta wa nje umbo la tanuri, kubwa kuliko nyumba za watu wengine. "Mlango huku. Kuni huku. Na wewe, Mama Charlène, unasimama hapa." Alichora hata duara la mahali pa kusimama. Kisha akafungua mfuko wa plastiki na kutoa aproni ya bluu yenye nembo ya shirika, na chini ya nembo, kwa uzi mweupe: *Annonciata, Mwokaji Mkuu*.

Annonciata hakuwahi kuona jina lake limeshonwa. Mume wake alikuwa fundi cherehani miaka ishirini na sita.

"Inakuenea," alisema Télesphore, polepole.

"Lakini kaka Fabien," Charlène alisema, "ile namba si yenyewe. Arobaini na moja ilikuwa siku ya kwanza. Ukuta bado inapanda."

"Mistari si imelala? Nilionyesha picha yako kwa injinia wetu. Alisema mistari ikilala, kazi imekwisha."

"Mistari ya hewa imelala. Joto ya tofali iko inatembea."

"Dada, tofali halitembei." Akacheka, akawaangalia wengine wacheke pia. "Njooni, nitawaonyesha sayansi ya Mungu."

Akawaongoza nyuma ya nyumba ya Annonciata, kwenye tanuri lake la zamani, ambalo alilitumia kwa zamu pamoja na wenzake wawili, Goreth na Bukeyeneza. Siku ile zamu ya kwanza ilikuwa yake, na moto ulikuwa umewashwa nusu saa tu iliyopita. Mdomoni mwa tanuri miale ilikuwa inacheza. Fabien akazunguka nyuma, akaweka kiganja chote kwenye tofali.

"Baridi! Kama tumbo ya chura. Ndani moto, nje baridi. Mama Charlène, wewe ndiye bingwa. Sema."

Annonciata alijua. Kila mwokaji anajua. Baada ya nusu saa ukuta wa nje ni baridi siku zote. Njoo baada ya mkupuo wa tatu, wakati hata kuku anayependa kulala pale ameinuka na kwenda zake. Charlène alikuwa anamtazama. Aproni ilikuwa mkononi mwake, na kitambaa kilikuwa kizuri, pamba tupu.

"Njo ivyo," alisema.

Fabien alipiga makofi. "Jumatano, saa nne, Lilongwe. Wafadhili wapo, mgeni anatoka ng'ambo. Barua ya ruhusa ya kutoka kambini nitawatumia. Charlène anaweka sahihi, mama unapigwa picha."

*

Jioni walikula nsima, ugali wa Malawi, na mboga ya lengalenga. Aproni ilikuwa imetundikwa msumarini, juu ya kalenda ya kanisa, na ilikuwa mgeni pekee aliyechangamka.

"Utaandika arobaini na moja," Annonciata alisema.

"Sitaandika."

"Bibi sita banangojea ile tanuri. Goreth iko na batoto tano. We unangoja tofali ikukubalie, kama bachumba?"

"Mama, ile namba ni uongo."

"Uongo ni kitu muntu anajua. We unajua namba ya kweli?"

Hapo Charlène alikuwa amepigwa, maana hakuijua. Kwa mwendo ule angehitaji wiki tatu nyingine, na Jumatano ilikuwa imebakiza siku sita.

"Anajua kama haijafika," alisema Télesphore.

"Mwenye suruali ya mchungaji, uliulizwa?"

"Apana."

"Aya." Annonciata alisukuma sahani. Mtu akiwa na kosa tumboni hupenda kufundisha wengine. "Basi acha nikufundishe miye, mi naishia darasa ya tano. We ulianzisha ile tanuri yako namna gani?"

"Baridi. Hewa baridi, matofali baridi, nyuzi ishirini na tano. Njo programu inavyoanzaka."

"Aaa! Mujinga wa zamu ya kwanza! Hakuna mwokaji anapenda kuanza na ukuta baridi. Kwa nini mi na Goreth na Bukeyeneza, muntu wa zamu ya kwanza tunamupa mukate moja moja? Mukate ya baridi tunaiita. Tunamupa kwa ajili ya macho yake? Ni kwa sababu moto yake yote imeingia mu ukuta! Matofali yanakula kwanza, bantu banakula nyuma. Yeye analisha ukuta, sisi wa nyuma tunaoka bure. Ungekuwa na akili, ungeanza zamu ya tatu, ukute ukuta imeshiba, halafu…"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini maneno ni kama mkate, ukishautoa tanurini huwezi kuurudisha unga.

Télesphore aliacha kutafuna.

"Mama," Charlène alisema taratibu. "Leo ilikuwa zamu ya nani?"

"Ya kwangu."

"Ya ngapi?"

Annonciata aliokota chembe ya nsima kwenye kanga yake, akaitazama pande zote. "Ya kwanza."

"Na Fabien aliposhika ukuta?"

"Ilikuwa inakula bado."

"Na ukasema njo ivyo."

"Nilisema." Aligeuka akaitazama aproni. "Kile kitambaa, Télesphore, hata hukuniambia kama kinakwaruza shingo."

"Hujakivaa bado."

"Kinakwaruza."

Hakuna aliyecheka. Ila Charlène alikuwa amekwisha simama, mikono ina mabaki ya nsima, midomo inahesabu. "Zamu ya tatu," alisema. "Mama, naweza kuanza na ukuta ya moto! Hesabu haijali inaanzia wapi. Mwisho ni mumoja tu. Nikianza na baridi inapanda, nikianza na moto inashuka. Ile ya kweli iko katikati!"

"Mi nilikuwa nakutukana," alisema Annonciata.

"Endelea tu."

*

Ijumaa saa mbili, chumba cha kompyuta kilipofunguliwa, Charlène aliomba kompyuta mbili. Kwenye ya kwanza tanuri la baridi liliendelea kupanda. Kwenye ya pili alichora tanuri lilelile, lakini matofali yote akayaanzisha na nyuzi mia mbili, yameshiba mpaka shingoni.

Jumamosi Annonciata alikuja. Alikuwa ameoka, ameuza, ameoga, na amevaa kitenge cha ibada. Alikaa katikati ya kompyuta mbili kama mshenga.

"Hii ni nani?"

"Ya baridi. Sitini na moja."

"Na ile?"

"Ya moto. Mia moja ishirini na tisa. Jana ilikuwa mia mbili."

"Moja inapanda, moja inashuka." Alitoa miwani ya mume wake, akavaa. "Na mistari?"

"Yote mbili imelala."

Annonciata alitazama kioo cha kushoto, kisha cha kulia. Tanuri moja, tofali zilezile, moto uleule. Na kila kompyuta inaapa kwamba imemaliza, moja ikisema sitini na moja, nyingine mia na ishirini na tisa. Hata darasa la tano linatosha kujua kwamba hapo kuna mwongo, na pengine wawili.

"Kumbe Fabien aliona mistari, hakuona ukuta."

"Hata mi siku ya kwanza niliona mistari, mama."

"We ulirudi kuangalia."

Jumatatu moja ilisoma sitini na tatu, nyingine mia na nne. Mwendo wao ulizidi kupungua, kila moja ikimwogopa mwenzake. Jumanne asubuhi Charlène aliacha zote mbili ziendelee, akafungua ya tatu, na safari hii alianza karibu na pale zilipoelekeana. Ukuta wenyewe aliupanga kama mwokaji anavyoujua: ndani moto kabisa, ukipungua hatua kwa hatua kuja nje, si sawa pote. Saa sita ilisoma themanini na nne. Saa saba themanini na tatu. Saa nane themanini na tatu. Saa tisa Annonciata alikuwa amesahau kumeza mate.

"Themanini na tatu," alisema Charlène. Alivuta joto lililoingia ukutani kwa ndani, akalipima na lililotoka kwa nje. Kinachoingia kilikuwa sawa na kinachotoka. Ukuta ulikuwa umeshiba. "Mama, imeiva."

"Themanini na tatu ni kiasi gani? Mi sijui nyuzi. Nipe kwa mukono."

"Maji ya chai, kabla kidogo haijachemka."

Annonciata alifikiria migongo midogo, mashati yaliyovuka ndugu watatu kabla ya kufika kwa aliyevaa. Alijipigapiga magoti, kisha akainuka.

"Kesho mi nakwenda na we. Na nataka kuandikiwa ile namba. Kubwa."

*

Lilongwe, ofisi za shirika zilikuwa na maua mlangoni na mlinzi mwenye daftari. Mlinzi alisoma barua ya ruhusa, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Mwachokera ku Dzaleka, amayi?" aliuliza kwa Kichewa: mmetoka Dzaleka, mama?

"Ku Dzaleka, zikomo," Annonciata alimshukuru kwa lugha hiyohiyo.

Kwenye safu ya "cheo" aliandika *refugee*, mara mbili. Charlène aliomba kalamu ili arekebishe ya kwake. Mlinzi alisema kalamu ni ya ofisi. Wakaelekezwa kwenye benchi kando ya choo cha wageni, ambako kila aliyetoka aliwapa mgongo kwa adabu. Chai ilipita kwenye trei, ikaenda mbali. Ikapita tena, vikombe vitupu. Annonciata aliisalimia mara zote mbili.

Fabien alitoka ofisini akiwa na tai yenyewe safari hii. "Karibuni! Charlène, sahihi hapa tu. Aproni iko wapi, mama?"

"Nimeacha nyumbani. Inakwaruza."

Wakaingia ofisini, na Charlène akampa karatasi moja. Juu yake tanuri tatu, mistari mitatu inayosogeleana, na chini namba moja. Fabien alisoma. Alikuwa na akili, Fabien. Dzaleka haimtoi mtu mjinga mpaka Lilongwe. Waliona alipoelewa, maana alifunga mlango.

"Hii imechelewa," alisema. "Nakala kumi na mbili zimechapwa. Arobaini na moja imeandikwa kila moja, na jina lako chini."

"Ni jina langu. Niondoe."

"Nikikuondoa, hesabu ni ya nani?"

"Sasa rekebisha namba. Ukuta inaweza kuachana na chekechea, mita mbili tu. Au kuta mbili, na nafasi ya hewa katikati. Nimechora pia."

"Kila mita ni bajeti mpya. Bajeti mpya ni mwaka kesho. Mwaka kesho wafadhili wameshapenda visima." Aliketi. Tai ilimbana. "Nikisema leo tumekosea, mradi utapelekwa Mitundu. Watu wa Mitundu wana nafasi sokoni pao, hawana chekechea ukutani, watashukuru sana. Nanyi mtabaki na tanuri la kupokezana. Mimi pia…" Hakumaliza. Mkataba wake uliisha mwezi ule, na ruhusa yake ya kukaa mjini ilikuwa imefungwa kwenye mkataba kama mbuzi kwenye kigingi.

Akageukia mahali palipo rahisi. "Mama Charlène. Wewe uliona kwa macho. Nilishika tofali, ukasema ndiyo hivyo. Mwambie binti yako."

Annonciata alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

"Fabien, mwanangu. Siku ile nilikudanganya."

"Nini?"

"Moto ilikuwa ya nusu saa. Ukuta ilikuwa inakula. Ungeshika saa nane, ungeacha ngozi ya mukono pale, tungekufanyia mchango. Nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya jina langu na uzi. Ule uongo ni wangu, usiutumie. Tafuta wako."

"Mtoto haegemei kutwa nzima, mama. Tutaweka kabati pale. Tutaweka… bango."

"Batoto ba miaka ine watasoma bango?"

Mlango uligongwa. Wageni walikuwa wameketi. Fabien aliinuka, akanyoosha tai, na sura yake ikarudi mahali pake kama droo. "Mtaingia, mtakaa nyuma, mtapungia mkono. Sahihi nitasema inakuja. Kama mnataka tanuri, mtanyamaza. Si mimi ninayesema. Ni hali."

*

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu, watu tisa, na mgeni wa ng'ambo, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanafunzi. Mbele ya kila mtu palikuwa na nakala, jalada lenye picha ya mkate. Fabien alizungumza kwa Kiingereza kizuri. Alisema *community*, alisema *women*, alisema *safe*. Kisha akaonyesha nyuma: "Na huyu ndiye mtaalamu wetu kijana, pamoja na mama yake, mwokaji." Watu wakapiga makofi kwa ncha za vidole.

Charlène alisimama. Hakupunga mkono. Alikwenda mpaka kichwa cha meza, kwa mgeni, akaomba kwa Kiingereza nakala yake na kalamu. Mgeni, ambaye alidhani ni sahihi ya kumbukumbu, alimpa vyote akitabasamu.

Charlène alifungua ukurasa wa nne. Akakata 41 kwa mstari mmoja. Akaandika 83, na kando yake jina lake.

"Namba iliyochapwa ni ya siku ya kwanza," alisema. "Hewa ilikuwa tayari, ukuta ulikuwa bado. Hii ndiyo ya mwisho. Upande wa watoto."

Injinia wa shirika, bwana mnene wa upole, alivuta nakala yake. "Residuals zilikuwa zimetulia," alisema, akimaanisha ile mistari iliyolala.

"Zilitulia kwenye sitini na moja pia. Na kwenye mia moja ishirini na tisa. Tanuri moja, bwana. Nilianza baridi, nikaanza moto." Akamwekea injinia karatasi ya pili, yenye zile tanuri tatu. "Nani aliyetulia?"

Injinia alivaa miwani. Alitazama ile mistari mitatu kwa muda ambao Fabien aliuhesabu kwa jasho. Kisha yule bwana, ambaye ndiye aliyesema mistari ikilala kazi imekwisha, alitoa kalamu yake mwenyewe na kukata 41.

"Charlène, kaa chini," Fabien alisema kwa Kiswahili, akitabasamu kwa meno kwa ajili ya wageni.

Hapo Annonciata akainuka. Ukurasa wa nne aliujua. Alikuwa amehesabu wakati binti yake anafungua. Aliinama juu ya meza, akachukua stylo, kalamu iliyokuwa mbele ya Fabien, nzuri, nyeusi, yenye kifuniko cha dhahabu, akaanza upande wa kushoto. Nakala baada ya nakala. "Zikomo, bwana. Ukurasa ya ine. Samahani, madamu, inua kikombe." Alikata, akaandika nane yenye tumbo kubwa na tatu yenye mgongo, kama alivyofundishwa darasa la pili Bukavu na mwalimu mwenye fimbo. Watu walimpa karatasi zao. Mtu huwa hajui kumkatalia mama aliyevaa kitenge cha ibada.

"Anasema nini?" mgeni aliuliza.

"Hasemi kitu," Charlène alijibu. "Anarekebisha."

Mgeni alisoma ukurasa wa nne tena. Akafunga jalada juu ya picha ya mkate, akasema kwa sauti ya chini kwamba leo haweki sahihi. Michoro irudi, ukuta uangaliwe, halafu wataona kama fedha bado zipo. Alisema *kama* mara mbili. Viti vikasogezwa. Chai nyingine ikaletwa, na hakuna aliyeinywa.

Fabien alibaki upande wa mwisho wa meza, nakala yake imebanwa chini ya kiganja. Annonciata alipofika kwake alisema kwa pumzi, ili wengine wasisikie: "Umefurahi, mama? Tanuri hakuna tena."

"Tanuri hakuna, lakini batoto ni bazima. Ile hesabu sikuisomea."

"Na mimi nikirudishwa kambini?"

"Utarudi kwa mulango, kama muntu. Tutakupangia zamu. Ya kwanza." Akavuta nakala kutoka chini ya kiganja chake. Fabien alishika ncha moja, akaishika kidogo, kisha vidole vyake vikachoka.

Annonciata alifungua ukurasa wa nne. Alikata. Akaandika nane, akaandika tatu, bila haraka, akapuliza wino ukauke. Kisha akarudisha kifuniko cha dhahabu kwenye stylo, akakigeuza mpaka kikasema *tik*, akamwekea Fabien mfukoni mwa shati, sawa kabisa na tai.

"Kalamu ni ya ofisi," alisema.